Mayai ya Kadutu

Jumanne nanunua mayai kumi na mawili
kwa Mwamini, chini ya ngazi za Kadutu.
"Ya kuku wenye jogoo," namkumbusha, naye anacheka:
"Wewe hutaki kula, unataka ukoo."

Mimi si daktari. Ni mwosha vioo,
mwandika joto la kabati kila saa mbili.
Ila tangu macho ya Profesa Bagalwa yaingie ukungu
mimi ndiye ninayetazama.

Siku ya kumi tunalivunja yai.
Moyo wa kifaranga hauzidi punje ya mtama.
Unaukata, unaulowesha, unautikisa polepole
mpaka uache kuwa moyo, uwe umati:
seli zisizojuana, zimetawanyika sahanini
kama abiria walioshushwa na boti ya Goma usiku,
kila mtu na mfuko wake.

Na kila moja inapiga.
Haina kifua. Haina damu ya kusukuma,
haina wa kumpenda wala wa kumkimbia.
Hii ina haraka, ile inajikokota,
ile ya pembeni hupiga mara mbili, kisha hunyamaza
kama aliyesikia mlango.

Siku ya tatu zimeota vidole, zimegusana.
Nainamia hadubini: sahani nzima, pigo moja.
Nani alihesabu "moja, mbili, haya"?
Nimetazama miaka minne. Sijamwona.

Chumba namba tisa analala Cibalonza, amekaa.
Akijinyoosha, anazama.
Mtoto wake ana wiki sita, miguu yake yeye imejaa maji,
na kwao Walungu wanamtaja mke mwenza.
Tunachukua damu yake, tunaiacha itulie,
maji yake ya manjano tunayadondosha juu ya seli. Tone. Tone.

Hazifi upesi. Kwanza zinanenepa.
Zinaongeza uzi juu ya uzi, zinajikaza,
kama shingo ya mama yangu alipokuwa akipandisha magunia
toka bandarini mpaka sokoni, kamba kwenye paji la uso,
ile kamba iliyomchimbia mfereji
ambao hata siku ya kumzika tuliukuta.
Daktari alipoisoma picha yake alisema: moyo mkubwa.
Tukatabasamu, sisi watoto.
Tulidhani anasifiwa.

Usiku wa Alhamisi Snel wakakata.
Jenereta lilikuwa na kiu, mlinzi hana ufunguo wa ghala.
Joto la kabati: thelathini na sita. Na nne. Na moja.
Nikaifunika sahani ya kumi na nne, nikaifunga plastiki,
nikaiweka kifuani, chini ya kitenge,
nikakaa wima kama Cibalonza,
nikiogopa kusinzia, nikiogopa kukohoa.
Ziwa lilikuwa jeusi, Nguba nzima nyeusi.
Moyo wangu ukawa unagonga ukuta wa jirani
usiku kucha, bila adabu.

Alfajiri niliandika daftarini:
Sahani 14. Saa saba nje ya kabati.
Nusu zimekufa. Zilizobaki zinapiga.
Profesa akauliza, "Nje ya kabati, wapi?"
Nikasema, "Pa joto."
Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakuandika kitu.

Cibalonza naye ameuliza:
"Zikifa, huwa zinazaliwa nyingine?"
Najua jibu. Ngozi huzaliwa, ini huzaliwa,
moyo huzaa kwa uchoyo, moja hapa, moja kule, mwaka hata mwaka.
Nilimwambia zilizobaki hujifunza kushikana.
Si uongo. Wala si jibu.

Jumanne nashuka tena ngazi, matope ya mvua ya jana,
kumi na mawili, yenye jogoo.
Mwamini, bila kuulizwa, huniongezea la kumi na tatu.
Hilo haliingii kabatini.
Nalichemsha, nalimenya,
nalipeleka chumba namba tisa,
bila chumvi.